Kitako Kirefu

Duka la Verlyn Haugen linanuka mafuta na kahawa iliyoungua.
Mara tatu niliingia, mara tatu nikaomba ile ile,
nikaiweka begani, naye akasema:
"Kitako kirefu. Mkono wako mfupi."
Nikamshukuru. Nikaenda kuitafuta kwenye simu.

Mtandaoni ilipungua dola themanini na sita,
na simu haikuukosoa mkono wangu.
Nikabonyeza.

Sikujua sheria: bunduki haipigi hodi kwa mnunuzi.
Hushukia kwa mwenye leseni,
na huku Montana ya juu, maili sitini za theluji,
mwenye leseni ni mmoja.

Alilipasua boksi kwa kisu cha kuchunia kulungu.
Hakuguna. Alinisukumia fomu,
akapiga simu, akangoja jibu,
akataja ada yake: dola thelathini.
Nilitamani anitukane.

"Weka begani."
Nikaweka. Ilinipwaya kama nguo ya kuazima.
Akachomoa penseli sikioni,
akachora mstari kwenye mbao mpya inayong'aa,
na huku akiutafuta msumeno akauliza:
"Na risasi je, nazo zaja kwa posta?"