Majani Yasiyo na Jina Kwetu

Mwezi wa kwanza, Hickling. Sakitu imelaza nyasi.
Tunakata matete, mimi na Thirtle,
mabuti yamezama hadi karibu na magoti,
na mundu wake una mpini uliopinda
kwa kushikwa na baba yake.

Matete nayajua, hayahitaji kutambulishwa:
Korogwe, ng'ambo ya reli, tulizungushia vyoo.
Huku wanaezekea nyumba za matajiri,
paa nene kama godoro,
nalo, anasema Thirtle, hudumu kuliko ndoa.

Lakini haya mengine!
Hili jembamba, la duara, lisilo na ua la maana,
nililiita ndago nikaling'oa.
Thirtle akalichuna ganda kwa ukucha,
akabakiza ukanda mmoja wa kushika mgongo,
akanionyesha moyo wake mweupe, mwepesi.
Bibi yake aliuchovya katika mafuta ya kondoo,
akauwasha, akatia viraka soksi
kwa mwanga wa robo saa,
kisha mwingine, kisha mwingine.
Nikauita utambi-bwawa. Hakuna aliyenipinga;
hakuna wa kunipinga kwa Kiswahili
mpaka stendi ya mabasi ya Norwich.

Lile lenye kichwa cha kahawia,
kama mshikaki uliosahauliwa motoni,
ukilipasua linamwaga sufi, na msufi huuoni.
Walijazia mito ya vichanga.
Na kile kichaka kifupi ni mvumbasi wao:
walikitandika chini ya shuka, viroboto vikahama.

Alhamisi mundu ukanila kiganja cha kushoto.
Thirtle hakukimbilia sanduku la dawa.
Alishuka shimoni, akaibuka na konzi ya kuvumwani,
akaikamua kama mtu anayekamua tui,
akanibandika.
Baridi. Halafu damu ikanyamaza.
"Vitani," akasema, "pamba ilipoadimika,
wanawake walishona mifuko ya hii,
ikaenda kwa majeruhi kwa treni."
Kisha akanipeleka zahanati,
akanisubiri garini, injini ikiwaka,
maana yeye si mjinga.
Nesi aliitupa pipani kwa koleo,
kama kitu kilichokufa.

Usiku mama akapiga. Goti.
"Nitumie zile tembe za huko, zenyewe,
si hizi za dukani kwa Mzee Mbelwa.
Mitishamba imenichosha, Kigenda."

Nikatazama dirishani.
Kando ya mfereji umesimama ule wilo,
matawi yake majini kama anayeosha nywele.
Gome lake, chungu kama mwarobaini,
walilichemshia homa na mifupa ya wazee,
na kwa kulifuatafuata gome hilo,
watu wa maabara wakaifikia tembe.
Nimwambie mama? Nimwambie anachokikimbia
kimetangulia kufika huku, kimevaa karatasi ya fedha?

"Sawa," nikasema. "Jumatatu nitatuma."

"Na mkono una nini? Mbona unashika simu kama yai?"
"Nilijikata. Nimewekewa jani."
"Jani gani?"
Nikatafuta. Mate yakanikauka.
"La huku tu, mama."
"Linanukaje?" akauliza,
kwa sauti ile anayochagulia samaki sokoni.

Nikaleta bendeji puani. Spiriti.
Nikavuta tena, taratibu, chini ya ile spiriti.
"Mvua," nikasema.
"Mvua ya zamani."