Njoro, Njiro

Aliandika: Njoro.
Nami Njoro naijua. Shangazi yangu Nakunda
ameuza ndizi pale miaka kumi na mitatu,
basi sikuuliza.
Nikakunja gauni la kipaimara, jeupe, lasi mabegani,
saizi ya binti wa miaka kumi na minne asiye na nyama,
nikalitia kwenye mfuko wa kaki, nikapiga gundi,
nikalipandisha Noah ya saa tatu, Arusha kwenda Moshi,
Ijumaa,
na Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Saa sita Kisamo wa bodaboda akampigia mteja,
mimi katikati, simu mbili masikioni
kama karani wa posta.
Niko kanisani, getini, alisema Kisamo.
Hata mimi niko kanisani, getini, alisema mama.
Mbona sikuoni?
Nyosha mkono.
Nimenyosha. Na wewe nyosha.
Nimenyosha kitambo, bega linaniuma.
Mlima unauona?
Uko mbele yangu, una wingu kichwani.
Hata huku.
Basi tuko pamoja.

Kilomita themanini.
Mikono miwili hewani, na milima miwili,
kila mmoja ukiitika kwa niaba ya mwenzake.

Njiro, akasema mama. Mimi nilisema Njiro.
Njiro! Robo saa kwa pikipiki
kutoka kibandani kwangu Kilombero.
Hapo ndipo maneno yalipoanza.
Mteja ni mfalme, akaandika.
Mfalme aandike vizuri, nikajibu.
I na o ni majirani kwenye simu, kidole kimeteleza.
Kidole kimeteleza, nauli haikuteleza.
Nikapiga picha ujumbe wake,
nikaizungushia o yake duara jekundu,
o ndani ya o,
nikamtumia mara mbili, ya pili bila neno.
Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, Kisamo na subira yake:
elfu kumi na nne.
Alilipa. Hakuandika kitu. Alilipa.

Jumamosi Kisamo alikuwa msibani Kibosho,
mzigo chini ya kiti, yeye kwenye kaburi la mjomba,
simu imezimwa kwa heshima.

Jumapili nikaiona picha aliyoweka mama.
Ndekirwa wake katikati ya wenzake, ua mkononi,
gauni la kuazima.
Pini huwezi kuziona, ziko mgongoni,
lakini mimi ni muuza nguo,
naona kitambaa kinapobana pumzi.
Nikasema moyoni: ajifunze kuandika.
Nikala ugali wangu. Ukapita vizuri tu.

Usiku simu ikagoma, imejaa.
Nikaanza kufuta sauti za zamani, wateja na hadithi zao,
nikakuta moja yake, ya Alhamisi,
ina kile kinukta cha kuonyesha haijasikilizwa.
Dakika mbili na sekunde tano.
Niliiruka kwa ajili ya urefu wake.

Jogoo.
Kifuniko cha sufuria kinaanguka.
Mtoto anaambiwa anyooshe mkono apimwe.
Bei, anaomba nimpunguzie kidogo, basi hata elfu mbili.
Jogoo tena.
Halafu, mwishoni kabisa, polepole,
kama anayemwelekeza mgeni:
Halafu dada, ni Njiro, huku huku Arusha. Nimeona nimeandika vibaya.
Si ile ya Moshi. Watu huchanganya.

Nikairudia.
Nikairudia. Jogoo yuleyule.

Elfu kumi na nne.
Namba yake niliibonyeza tarakimu moja moja, kwa sauti,
kama mtoto wa chekechea:
sifuri, saba, tano,
nikasita, nikafuta, nikaanza upya.
Jina likatokea, ni lake. Nikatuma.
Neno la kusindikiza nikalitafuta,
nikaandika, nikafuta,
nikaandika tena.
Yeye akaniwahi:

Dada, kuna hela imeingia huku kwangu.
Umekosea namba?