Inchi Kumi na Tisa

Kutoka nguzo ya kwanza hadi nguzo ya kumi na mbili
ardhi inashuka inchi kumi na tisa.
Sikisii. Delmar alijaza maji kwenye mpira,
mpira uleule wa kunyweshea ndama,
akashika ncha moja, mimi nyingine,
tukatazamana toka pembe hadi pembe ya banda
kama wavuta kamba waliochoka,
mpaka maji yakatulia, yakasema.
Maji hayana upendeleo.

Baba alisimika nguzo hizi mwaka niliozaliwa,
akapiga bati, akaning'iniza mlango,
akasema, "Sakafu mwakani."
Mwakani akaugua ng'ombe.
Mwakani mvua ikayaozesha majani yaliyokatwa.
Mwakani ikaja benki.
Kwenye vilima hivi vya Wisconsin mwakani ni neno refu:
trekta lilizeekea juu ya udongo mtupu
likididimia kidogo kila theluji ilipoyeyuka.

Kokoto zilikuja malori kumi na moja.
"Usimwage zote kwa mpigo," alionya Delmar,
"ardhi ikishibishwa ghafla hukudanganya."
Basi tabaka, tukashindilia;
tabaka, tukashindilia,
mashine ikinitetemesha meno na kumbukumbu
hata usiku kitandani mikono ikaendelea na kazi peke yake.

Siku ya kufunga uzi nilipangusa nguzo ya tano.
Chini ya vumbi la nyasi, msumari.
Nguzo ya sita, msumari.
Nikarudi mbio ya kwanza, ya pili: msumari, msumari,
yote imepigwa nusu, vichwa nje, kutu tupu,
na uzi wetu ulipokaza
ulipita juu ya vichwa vyake kama uliozoea njia.
Alishapima, mzee wa watu.
Alishapima, akanyamaza.
Nguzo ya saba tu ndiyo haikuwa na kitu.
Labda aliitwa chakula. Labda simu.
Mama nilimwonyesha; akagusa kutu, akanusa kidole,
akauliza kama kuna mtu anataka kahawa.

Pheng Xiong alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
akarudisha lori kinyumenyume kwenye ule mteremko wa mfinyanzi
huku kichwa chake chote kiko nje ya dirisha.
"Mko wangapi?"
"Watatu na nusu," alijibu Delmar.
Nusu ni goti lake.
Kisha pipa likaanza kuzunguka, na tangu hapo
hakuna aliyemaliza sentensi.

Zege halina simile.
Linakuja kama uji wa kijivu, zito, la baridi,
linajaza buti, linauma ngozi,
wavu wa chuma unazama tunauvuta juu kwa ndoano,
ubao unakwenda kulia, unakwenda kushoto,
Mama wa miaka sabini na moja, magotini,
akisukuma pembeni kwa mwiko wa keki
maana wa ujenzi ulikuwa mzito kwake,
na Pheng, ambaye kazi yake ni kumwaga na kuondoka,
amevua saa yake, ameingia.

Jioni lilikuwa ziwa lisilo na samaki.
Tuliketi mlangoni miguu nje,
tukila mikate baridi, tukilitazama likikauka
jinsi watu wengine wanavyotazama televisheni.
"Sawa kama meza," alisema Delmar.

Si kweli.
Novemba niliingia na theluji kwenye magurudumu,
ikayeyuka, na maji yote, toka kila pembe,
yakajikokota polepole hadi nguzo ya saba
yakatulia hapo, mapana kama sahani.
Delmar anataka kulijaza lile shimo.
Ana mchanganyiko kwenye gari, anasema dakika ishirini tu.

Nimemwambia mwakani.
Mbwa ameshajua pa kunywea.