Zamu Yangu Kujibu Dodoso

Nilifika ofisi ya kata, Maji ya Chai, saa nne kasoro,
na projekta ya kuazima, na waya usiofika kwenye soketi.
Mtendaji akasema umeme utarudi. Haukurudi.
Slaidi thelathini na mbili zikabaki tumboni mwa kompyuta
kama pilau iliyopikiwa wageni wa harusi nyingine.

Nikaanza kwa mdomo: "Viwango vya floraidi,
miligramu kwa lita, tukilinganisha na mwongozo wa taifa..."
Kijana wa bodaboda akatoka nje kupokea simu isiyoita.
Akina mama wawili wakaendelea kuchambua maharage kwenye ungo.
Nikasema "enameli". Nikasema "mabadiliko ya kimuundo ya mifupa".
Sauti yangu ilikuwa ile ya sura ya nne,
aliyoirudisha msimamizi mara tatu,
wino mwekundu pembeni: Fafanua. Unamwambia nani?

Usiku wa kuamkia hapo nililala saa mbili. Wa kabla yake sikumbuki.
Chumba changu Tengeru kina dirisha la kutazama migomba
na tangu Januari sijaitazama.
Nyumbani wakipiga nasema niko maabara.
Siku nyingine niko chini ya blanketi,
simu kifuani, nahesabu mikunjo ya bati.

Basi nikagawa madodoso. Swali la saba:
Je, huficha meno yako unapocheka?
Kila mara. Wakati mwingine. Kamwe.
Ndekirwa, muuza ndizi, akaishika karatasi mbali na macho,
akasoma, akanitazama.

"Na wewe je?"
"Mimi ndiye ninayeuliza, mama."
"Nimeona. Tangu uingie, kiganja hakijatoka mdomoni.
Umekulia wapi?"
"Kikwe."
"Maji ya kisima?"
"Ya mfereji. Halafu ya kisima."
"Unalala?"

Hilo halikuwa kwenye dodoso.
Halikupita kamati ya maadili, halikuwa na kisanduku cha kuweka tiki.
"Silali, mama," nikasema, na nikalia mbele ya kata nzima,
kidogo, ikiwa takwimu zinaruhusu kuita vile kidogo.

Ungo ukawekwa chini.
Nami nikakishusha kiganja, nikafungua mdomo, wakaona:
kahawia ya chai iliyokaa, mistari,
jino la mbele lililomeguka ukingoni.

"Haya. Huu si uchafu.
Nilisugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa limau;
kidato cha pili nikasugua kwa mchanga, fizi zikachuruzika.
Jino liliyanywa maji haya kabla halijaota.
Lilikuwa limelala ndani ya ufizi, mimi nabebwa mgongoni,
na mama akaninywesha maji maangavu, yasiyo na harufu.
Si kosa lake. Lingeonekana, angeyamwaga."

Kijana wa bodaboda alikuwa amerudi, kasimama mlangoni.
"Tukiyachemsha?"
"Utaua wadudu. Hii si mdudu, ni chumvi ya mawe ya mlima.
Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, inakolea.
Vuneni ya mvua, na wadogo wanywe kwanza,
wale ambao meno ya ukubwani bado yako njiani."
"Na magadi ya makande?"
"Na magadi. Hapo ndipo mtanichukia."

Wakacheka. Wengi kwa viganja.
Wanne bila kiganja; niliwahesabu, ni mazoea tu.

Jioni msimamizi alipiga kuuliza nimepata wangapi.
Arobaini na moja, nikamwambia,
na nikaomba nisimtafute wa arobaini na mbili mpaka Jumatatu.
Akanyamaza kidogo. Akasema hata yeye, mwaka ule wake,
lakini hakuimalizia.

Nyuma ya dodoso la Ndekirwa palikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi:
Jumamosi, soko la Tengeru, upande wa ndizi.
Uje umelala.