Daftari la Bogumiła

Chupa ni ndogo, yajaa kiganjani kama yai la bata.
Ndani yake, wanasema, wamekunja kalori mia tatu
kama mtu anavyokunja blanketi la watu wawili
akalisukumiza katika mkoba wa shule.

Daktari Wrzos, kijana mwenye soksi za rangi ya machungwa,
alinitajia deni langu la kila siku: elfu moja na mia nane.
"Mwili wako unajila," alisema. "Tuupe kitu kingine."
Mionzi imepita kooni wiki sita,
koo limebaki tundu la sindano,
na hakuna uzi upitao humo bila kuchoma.

Sikulia. Nilikuwa mweka hesabu
katika kiwanda cha nyuzi hapa Łódź, miaka thelathini na mmoja;
nimeona madeni makubwa kuliko hili yakilipwa kwa awamu.
Nikanunua daftari, nikachora safu mbili:
kilichoingia, kilichobaki.

Saa moja asubuhi, vanila. Mia tatu.
Saa nne, ndizi,
ndizi ambayo haijawahi kuuona mgomba.
Adhuhuri, vijiko vinne vya supu ya bitiruti
aliyoichuja Ireneusz mara tatu kwa kitambaa:
kumi na tano, labda. Bitiruti si mkarimu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba chenye tundu hujazwaje?

Jumanne ya pili ya Februari niliandika mia tatu
nisizozinywa.
Kalamu haikutetemeka.
Jumatano nikaandika mia sita.
Ni rahisi kumnenepesha mwanamke wa karatasi.
Yule wa daftarini alikuwa na mashavu,
yule wa daftarini angepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu
na mfuko wa viazi begani,
nami nilimwonea wivu, huku nikimlisha.

Ireneusz si mtu wa vitabu. Aliendesha tramu;
anajua breki, anajua barafu juu ya reli.
Lakini friji anaifungua yeye.
Usiku mmoja akazipanga chupa mezani, moja moja,
bila kelele, kama anayepanga abiria waliolala.
Ishirini na tatu.
Daftari lilidai kumi na nne.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi; sikuupata.
Alifungua moja, ya ndizi, akainywa kwa mkupuo mmoja
kama mtu anayelipa faini ya mwenzake.
Kisha akakaa, kiganja juu ya masharubu.
"Boguśka," akasema, "hii ina ladha ya sebule
iliyopakwa rangi juzi."
Nikacheka, kicheko kikanikwaruza koo hadi machozi.
"Umekunywa mia tatu zangu," nikamwambia.
"Tofauti ilikuwa tisa. Sasa ni nane."

Tangu hapo tunatumia vigilasi vya harusi yetu,
vile vya vodka, vilivyobaki vitano.
Vya kahawa anavigandisha katika kitreya cha barafu,
navinyonya dirishani nikitazama theluji ikichafuka.
Yeye maji, mimi vanila;
tunagonganisha, tunatakiana afya,
neno tulilolisema miaka yote mezani kwa watu
bila kulisikia.

Jumapili nilipanda mzani wa bafuni kwa miguu mitupu.
Kilo arobaini na nne na gramu mia mbili.
Jumapili iliyotangulia: arobaini na nne na gramu mia mbili.
Ireneusz alipiga ngumi hewani
kana kwamba timu yake imetoka sare ugenini.

Zile chupa tisa nimezipiga mstari kwa wino mwekundu,
nikatia sahihi pembeni, jina langu lote,
kama ilivyokuwa desturi kiwandani kosa likigundulika.

Leo, saa kumi na mbili jioni, stroberi.
Nimefika nusu, siwezi zaidi.
Naandika nusu.