Mshono wa Kushoto

Rangi ni ya juzi. Nzi mmoja amenasa ndani yake
karibu na bolti ya mwisho, miguu juu,
naye ndiye shahidi wangu wa kwanza.

"Dada fundi, hii haijaguswa," anasema Evarist.
"Imetoka melini ikaja moja kwa moja hapa Vingunguti,
kama bibi harusi kwenye gari la vioo vyeusi."
Simjibu. Natoa ufunguo wa kufuli langu, nakwaruza:
nyekundu, chini yake buluu, chini yake kutu.
Bibi harusi huyu alishaolewa.

Stamili Kobelo amekuja na basi la alfajiri kutoka Mvomero.
Pesa za wanawake kumi na wanne ziko kifuani mwake,
kwenye kanga, kila mmoja na fundo lake.
Anasimama mbali na plau
kama mtu anayeogopa kuamsha mbwa.
Sogea, namwambia. Shika. Chuma hakinunuliwi kwa macho.

Diski mpya ina inchi ishirini na sita.
Futi kamba inasema ishirini na tatu na kidogo.
Hizo tatu zimebaki shambani kwa mtu tusiyemjua,
zimeliwa na mchanga, nao mchanga ukatoa mahindi.
Si kosa. Chuma kisichopungua ni chuma kisicholima.
Ila tusilipie inchi ambazo hazipo.

Gonga kwa spana. Ya kwanza inalia ngaaa, inakawia kunyamaza.
Ya pili vilevile.
Ya tatu inasema tk.
Ufa huu hapa, mwembamba kama unywele,
unatambaa kutoka tundu la bolti.

Sasa zungusha, weka sikio.
Beringi nzima haina maneno; hii inasaga karanga.
"Ni grisi tu," anasema Evarist,
na mimi nilikuwa namsubiri aseme.

Matundu ya pini yalizaliwa duara, yamekuwa mayai.
Nafunga uzi toka kichwa cha fremu hadi mkia,
na kati ya uzi na chuma panapita mwanga, upana wa kidole.
Kuna kisiki mahali fulani kinachojua sababu.

Upepo unaleta harufu ya machinjio.
Nalala chali, naingia chini, mguu wa kushoto.
"Huko hakujawahi kuchomelewa!" anapaza sauti.
Napitisha dole gumba juu ya rangi.

Mshono huu naujua.
Unaanza kwa utulivu, magamba yamepangana,
halafu katikati unakimbia, unamwaga matone,
unamalizia kwa donge.
Mwaka ule wa mgao umeme ulikatwa saa kumi kamili,
na saa kumi kasoro dakika saba nilikuwa chini ya plau ya buluu
nyuma ya Tazara, mwenye plau, mtu wa Ruvu, kanisimamia:
inatosha, dada, inatosha, mvua hainisubiri.
Nilijua haitoshi.
Nilipokea elfu thelathini.

Ningeweza kukaa kimya.
Rangi ilishakaa kimya kwa niaba yangu.

"Imechomelewa," nasema, nikijipangusa mgongo.
Evarist anacheka. "Na nani?"
"Na mimi. Vibaya."

Kicheko chake kinakosa pa kwenda.
Stamili hanitazami; anautazama mguu wa kushoto,
mara ya kwanza anausogelea, anaugusa.

Tulianzia milioni tatu na laki mbili.
Tukatoa diski ya kutupa, tukatoa beringi,
tukatoa fremu ya kunyoosha, na Evarist akaapa kwa watoto wake,
akaenda kunywa maji, akarudi.
Milioni moja na laki tisa.
Mafundo tisa yanafunguliwa. Matano yanabaki kwenye kanga.

Mguu nitaukata, nasema, niuunge upya.
Vijiti vyangu, gesi yangu, hunidai wala sikudai.
Stamili anazihesabu tena noti kwa kidole chenye mate,
kisha ananiuliza jambo moja tu:
"Leo umeme unakatika saa ngapi?"