Zoezi la Mpunguzi

Meli yetu ni ghala la zabibu, Mpunguzi.
Sitaha tumeichora sakafuni kwa chokaa,
na bahari iliyo karibu nasi
imo kwenye pipa lenye kutu, robo tatu.

Abiria ni wa kukodi: wachuma zabibu arobaini,
posho elfu tano na soda.
Nikawapanga, nikawahesabu, nikatia sahihi.
Mkufunzi Chilewa akapuliza filimbi,
saba fupi, moja ndefu,
akazima taa.

Nilikuwa nimekariri yote: sauti iwe tulivu,
maneno machache, mkono uoneshe njia.
Kumbe giza halijasoma kitabu changu.
Mmoja alirudi kutafuta kandambili.
Wawili walicheka.
Waliobaki wakaukimbilia mlango walioingilia,
nami nikapaza sauti, "Kushoto! Kushoto!"
kushoto kwangu, kulia kwao.

Dakika tisa.
Tukatokea juani, vumbi hadi kwenye kope.
Nikahesabu: arobaini na mmoja.
Nikarudia, kwa kidole sasa, kama mtoto wa chekechea.
Arobaini na mmoja.

Mama Mbijima akageuka, akalegeza kanga:
kichanga, kimelala fofofo,
ngumini kimefumbata zabibu kavu moja.

"Huyu ulimwandika wapi?" aliuliza Chilewa.
Hakufoka. Angefoka ningepona.

Usiku, upepo wa Dodoma ukipekua mabati,
nilichukua rula na kalamu nyekundu,
nikaongeza safu kwenye fomu ya abiria:
*walio mgongoni.*